Posa Yangu Ilizungushwa Doha Nusu Siku

Kama wiki iliyopita hukununua gazeti, hukukosa kitu cha maana. Ulikosa aibu yangu tu, na nitakueleza kwa ufupi kwa sababu bado inaniuma.

Naitwa Vuai, mtu wa Makunduchi, askari wa mlangoni kwenye hoteli moja ya West Bay, hapa Doha. Nampenda Arafa, mtoto wa Mkoani kule Pemba, anayelea watoto wa watu kwenye nyumba moja Al Thumama. Ndugu yake pekee Doha nzima ni ami yake, Bwana Ibrahimu, dereva wa basi la watalii. Nikaona nimpelekee ami posa kisasa. Nikajirekodi sauti, maneno matamu, adabu tele, nikaituma kwa WhatsApp. Nikakosea kubonyeza, ikaingia kwenye grupu la madereva.

Wiki nzima madereva wenzake kule Al Wakrah waliicheza sauti yangu kantini huku wakigonga meza. Ami akiingia kula, wanaanza: "Mimi kijana wako, kwa unyenyekevu mkubwa." Mtu mzima na mvi zake, anachekwa na tonge liko mdomoni.

Siku ya nane akatoa masharti mawili. La kwanza, posa siyo salamu ya kutumiwa kwa simu, aje mshenga mtu mzima na mdomo wake. La pili, kijana mwenyewe asionekane.

"Siku nitakayoiona sura yake kabla sijatoa jibu," alimwambia Arafa, "ajue jibu ndilo hilo."

Sikumlaumu. Ndiyo desturi yetu. Mposaji hukaa kwao akatafuna kucha, washenga ndio huenda kusema. Mimi nani nibadilishe?

Hapo ndipo tuliishia. Sasa sikiliza yaliyofuata, na tafadhali usinicheke mapema, ngoja nifike.

Alhamisi mchana Arafa akanipigia simu, sauti ya chini, watoto wa watu wanalia nyuma yake.

"Vuai, nyumbani nimeposwa."

"Na nani?"

"Mwenye duka la saruji Chake Chake. Watu wake wanakuja kuchukua jibu kesho baada ya Magharibi. Baba amesema ami akimwambia kuna mtu huku, atawarudisha. Ami asiposema kitu, anawapa."

"Kesho hii hii?"

"Kesho hii hii. Na ami kesho yuko kazini tangu saa saba mchana. Tafuta mtu mzima amfuate huko huko. Na wewe usitie mguu, Vuai. Nakujua. Usitie mguu."

"Nimekusikia."

Kweli nilimsikia, masikio yangu ni mazima. Kasoro zangu ziko kwingine.

Mtu mzima nilikuwa naye. Kassim, mpishi wa kantini ya wafanyakazi, mtu wa Unguja mjini, ameshaozesha watu wanne hapa Doha kwa ulimi wake. Nikamkuta anakoroga dengu.

"Posa ndani ya basi?" akauliza.

"Ndani ya basi."

"Basi lenyewe linakwenda wapi?"

"Linazungusha wageni mjini. Nusu siku."

Akaacha mwiko. "Mie niko Doha mwaka wa kumi na moja, yakhe. Najua jiko, najua kitanda, najua gari la wafanyakazi linalonitoa kitandani kunipeleka jikoni. Nitakwenda."

Nilidhani amekubali kwa ajili yangu. Ningesikiliza vizuri siku ile, yasingenikuta yaliyonikuta.

Viti tulipewa na Velma, Mkenya, mwongoza watalii wa lile basi, ambaye kila Ijumaa huja kwa miguu kuchukua wageni mlangoni kwangu, basi likiwangoja barabara kuu. Alinisikiliza huku anakagua orodha yake.

"Mzee Kassim nitamweka mbele, nitasema ni msaidizi wangu wa kugawa maji," akasema. "Wageni ni Wavietnam kumi na mmoja, na Mmarekani mmoja anaitwa Tony. Lakini huyo Tony amepiga simu, tumbo linamsumbua, haji."

"Kwa hiyo kiti cha Tony kiko wazi."

"Kiko wazi na kitakaa wazi. Vuai, usiniangalie hivyo."

Niliendelea kumwangalia.

"Aki, nikifutwa job juu ya mapenzi yako, wewe ndiye utakuwa unanilisha," akasema Velma. Lakini jina la Tony hakulikata.

Hapa naungama. Hakuna aliyenilazimisha. Ningeweza kukaa chumbani kama mtu mwenye akili. Lakini wewe hebu jaribu, maisha yako yote yanajadiliwa ndani ya basi, halafu wewe umelala unatazama dari. Sikuweza. Na Kassim nilimwamini, lakini sikumwamini sana.

Ami hakuwahi kuniona sura. Sauti yangu ndiyo aliyoijua, tena kwa ufasaha, wiki nzima ya kantini. Kwa hiyo nilihitaji sauti mpya na nguo mpya. Onyango, askari mwenzangu aliyenishikia zamu, akaniazima kaptura ya mifuko sita, inayovuka magoti, na kapelo. Miwani ya jua nilikuwa nayo. Kizungu cha puani nilijifunza mlangoni, kwa miaka mitatu ya kufungulia Wamarekani.

Saa saba na nusu mchana nikapanda. Ami alikuwa kwenye usukani, shati limepigwa pasi, anaangalia orodha.

"Mister Tony?"

"Yes, sir," nikasema kwa pua.

"Welcome. Seat belt."

Nikakaa katikati ya wazee wa Kivietnam, wote wa mji wa Da Nang, ambao nao uko pwani. Walikuwa wanapumzika Doha siku mbili kabla ya kwenda Ulaya kuona wajukuu. Bibi mmoja aliyejua Kizungu, aliyekuwa akiwatafsiria wenzake, akaniambia kwao kuna daraja lenye joka linalotema moto mwisho wa wiki. Nikamwambia kwetu pia tunayo mambo. Akauliza kwetu wapi. Nikakumbuka nikasema Texas.

Basi likaondoka, Velma akashika kipaza sauti, na mbele kabisa mshenga wangu akafungua dirisha na kutoa simu. Akapiga picha ghorofa. Akapiga picha ghorofa ya pili. Akapiga picha taa za barabarani.

Tulipofika Pearl, kile kisiwa cha kutengenezwa chenye boti za matajiri, tukashuka. Ami akabaki kwenye basi peke yake, dakika thelathini, anakunywa maji. Nafasi gani tena mtu angetaka? Nikageuka kumtafuta Kassim. Alikuwa ameegemea ukingo mbele ya boti moja nyeupe, amekunja nne, anapigwa picha na mzee wa Kivietnam.

Nikapita karibu yake nikijifanya natazama bahari. "Posa," nikamwambia bila kufungua meno.

"Posa haikimbizwi, Vuai. Ukimwendea mtu mbio ataona mna shida."

"Tuna shida."

"Yeye asijue. Hebu nipige moja nikiwa na ile ya bluu."

Nikampiga. Kwa hasira sikungoja simu itulie, picha ikatoka na ukungu, akanirudisha nikapiga tena.

Kituo cha pili, Katara, mahali pa majumba ya sanaa na minara ya njiwa. Tumeshuka tu, adhana ya Alasiri ikaita kutoka ule msikiti wa vigae vya bluu. Velma akawapa wageni dakika ishirini za kupiga picha. Ami akazima gari, akaelekea msikitini.

Mimi mtu wa dhambi nyingi lakini Alasiri siiachi. Nikasema nitachelewa kidogo, nitakaa safu ya mwisho kabisa, nitatoka wa kwanza. Nikatia udhu, nikageuza kapelo kisogoni, nikasimama nyuma.

Imamu akageuka akasema tuzibe nafasi. Mzee mmoja Mwarabu akanishika mkono akanivuta mbele, akaniingiza kwenye pengo la safu ya pili, bega kwa bega. Sikumtazama wa kulia kwangu. Rakaa nne zote sikumtazama. Lakini salamu utatoa ukitazama wapi? Nikageuza shingo kulia, assalaam alaykum, na macho yangu yakakutana na ya ami, sentimita kumi.

Miwani ya jua ilikuwa mfukoni.

Nikasema moyoni, basi. Sura ameiona na jibu limekwisha. Nilimwona Arafa anapima saruji.

Ami akanikodolea macho muda mrefu. Halafu uso wake ukafunguka nisivyowahi kuuona.

"Mister Tony," akasema. "You Muslim?"

"Yes, sir."

"Mashaallah." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kizungu chake kilikuwa cha usukani tu, kiliishia hapo, akaendelea na Kiswahili peke yake huku akitikisa kichwa: "Kutoka Marekani yote ile, mtoto wa watu, na Alasiri yake haikumpita."

Tukarudi kwenye basi ameniweka mkono begani. Akanihamisha kutoka katikati, akanikalisha kiti cha mbele, nyuma yake kabisa, ubavuni mwa Kassim. Velma aliponiona akaweka kipaza sauti chini, akanywa maji.

Tukaingia barabara ya ufukweni kuelekea makumbusho. Yule bibi wa Da Nang, aliyekuwa nyuma yangu, akafungua kikopo cha bati, akanionyesha majani ya tambuu na vipande vya popoo. Kwao, akasema, wakubwa hutafuna, na hutumika kwenye harusi. Akanipa jani nimwone anavyokunja.

Ndugu zangu, nyanya yangu alikuwa mtu wa tambuu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimkunjia tangu nina miaka sita. Vidole vyangu havikuniuliza. Nikachana kikonyo, nikaweka popoo, nikakunja pembe tatu, nikabana. Sekunde nne.

Nikainua uso. Macho ya ami yalikuwa kwenye kioo cha dereva, yananitazama.

"Huyu kajifunza wapi?" akamuuliza Kassim.

Kassim akaniuliza kwa Kizungu cha jikoni. Nikajibu, YouTube.

"Anasema kwenye simu," Kassim akatafsiri.

"Ana bidii," akasema ami.

Na hapo, sijui ni kwa sababu picha zimejaza simu yake au kwa sababu aliniona ninavyokauka, Kassim akakohoa. Akavuta kofia yake ikae sawa. Posa ikaanza.

"Bwana Ibrahimu, mie kwenye basi hili siyo msaidizi wa maji."

"Najua. Msaidizi wa maji hupiga picha mbili, tatu. Sema."

"Nimetumwa na kijana wetu, Vuai."

"Wa sauti."

"Wa sauti, ndiyo. Kakosa, na kakosa kama mtoto. Tumekuja na unyonge wetu. Kijana mwenyewe hana lake, maskini wa Mungu, hana cha mbele wala cha nyuma, hata akili yake bado haijakomaa. Ila kamwona mtoto wenu, na anaomba mumsitiri."

Msinielewe vibaya, Kassim alikuwa anasema sawasawa. Ndivyo posa yetu inavyosemwa. Mshenga humshusha mtu wake mpaka chini kabisa, halafu mwenye mtoto hujibu, "Lahaula, msiseme hivyo, kijana wenu tunamjua, mtu wa heshima." Kisha mazungumzo yanaanza. Wote tunangoja jibu hilo.

Ami akapita taa ya kwanza. Akapita taa ya pili.

"Ni kweli," akasema.

Kassim akababaika. "Kweli ipi, bwana?"

"Yote uliyoyasema. Hana lake na akili haijakomaa. Nakushukuru kwa ukweli wako."

Mimi huku nimekaa, Mmarekani nisiyejua Kiswahili, natazama bahari natabasamu. Taya ziliniuma mpaka usiku.

"Hebu nikuulize kitu," akaendelea ami, sauti imeshuka. "Huyu Mmarekani kaoa?"

"Huyu hapa?"

"Mwulize."

Kassim akanigeukia. Nilimtazama kwa macho yote niliyojaliwa. Kichwa nikakitikisa kidogo, kumaanisha wacha. Mshenga wangu akaniuliza kwa Kizungu kama nina mke. Nikasema sina, ningesema nini?

"Anasema hana," Kassim akamwambia ami. Halafu, Mungu anamwona, akaongeza vyake: "Anasema anatafuta. Mtu wa pwani ya Afrika, ikiwezekana."

Kwenye makumbusho nilimvuta nyuma ya sanduku la kioo lenye mazulia ya kale.

"Wewe mshenga wa nani?"

"Wako."

"Umenitukana mbele ya mkwe wangu, halafu umeniletea mwanamume mwingine."

"Mwingine gani? Si wewe?" Kassim alikuwa mtulivu kabisa, anasoma kibao cha zulia. "Sikiliza. Vuai keshakataliwa. Kaanguka kwenye taa ya pili. Tony anapendwa. Magharibi imebaki saa moja na nusu. Unataka ami ampigie simu kaka yake amwambie kuna mtu, au hutaki?"

"Nataka. Lakini mtu mwenyewe hayupo."

"Yupo, amevaa kaptura. Leo tuchukue ndiyo. Jina tutalirekebisha pole pole, mtu akishakupenda jina ni kitu gani."

Nikamwambia huo ni uongo. Akasema uongo ulianza saa saba na nusu nilipopanda basi, yeye anausaidia tu ufike salama. Nilimwona mwenye duka la saruji, sijui kwa nini nilimwona mnene, anakaa kwenye jamvi la baba yake Arafa anapewa sharbati.

Nikasema sawa. Hiyo ndiyo dhambi yangu ya pili, na niliifanya nikiwa na akili timamu, katikati ya makumbusho.

Souq Waqif, ambako Wavietnam walikwenda kuwatazama ndege wa kuwindia, ami alitukalisha sisi wawili kwenye viti vya mbao akatununulia chai ya maziwa. Akawa anauliza, Kassim anatafsiri. Nikaamua walau nijibu kweli tupu, ili siku ya siku niwe na pa kushikia.

Kazi gani? Nikasema nasimama mlangoni kwenye hoteli.

"Ana hoteli," Kassim akatafsiri.

Wazazi wako hai? Nikasema mama yuko, baba alifariki nikiwa mdogo, mama ndiye aliyenilea kwa kuuza mwani. Sauti ya puani ilinipotea kidogo hapo, maana hilo halikuwa la kuigiza.

"Kalelewa na mama," akasema Kassim, na safari hii hakuongeza kitu.

Ami akaweka kikombe chini. "Na atamtunza mtoto wetu?"

Nikajibu kwamba nitamtunza. Nilisema kwa Kizungu lakini nilimtazama usoni, na nadhani kama kuna dakika moja niliyokuwa mkweli siku ile ilikuwa hiyo. Ami akatazama saa yake, akasema twendeni.

Kituo cha mwisho kilikuwa ufukweni tena, penye sanamu ya chaza na lulu yake, ambapo wageni hupigwa picha ghorofa za West Bay zikiwa nyuma yao. Jua lilishakuwa la njano. Wavietnam wakapiga picha wakamaliza, wakarudi kukaa. Ami hakuwasha gari. Akatoa simu.

"Mie siozi mtu bila kumuuliza mwenyewe," akamwambia Kassim. "Kaka yangu kaniachia mie, na mie namwachia yeye. Nitamtajia wote wawili, wako na wangu."

Hapo nikapumua kwa mara ya kwanza tangu saa saba. Nilitaka kumbusu ami mkono. Arafa anaulizwa! Atataja Vuai, ami atakubali kwa shingo upande, Tony atarudi kwao Texas na mambo yake, hakuna aliyedhurika. Nikamkanyaga Kassim mguu kwa furaha. Naye akanikanyaga.

Velma akawanong'oneza wageni kinachoendelea. Bibi wa Da Nang akawatafsiria wenzake, na basi zima likageuza shingo mbele.

Ami akaweka spika.

"Arafa, mwanangu. Uko wapi?"

"Jikoni, ami. Semeni haraka, madamu yuko karibu."

"Nina watu wawili. Wa kwanza ni yule Vuai, askari wa hoteli. Kamtuma Kassim mpishi, kasema naye kwa adabu. Mie simpendi, lakini kaposa. Wa pili ni Mmarekani, jina lake Tony, Muislamu, kasali Alasiri ubavuni mwangu. Kalelewa na mama yake. Ana hoteli. Baba'ko anangoja simu yangu. Nimwambie nani?"

Tukasikia bomba la maji linafungwa.

"Vuai mwenyewe yuko wapi?" akauliza.

"Yuko kwao, mwanangu," akadakia Kassim. "Anatafuna kucha."

"Hakuja?"

"Hakuja. Kafuata desturi."

Nilijua Arafa anachofikiria. Alikuwa anaona nimemtii, mara moja katika maisha yangu, sikutia mguu. Moyo ulinijaa.

"Vuai ni mtu mwema, ami," akasema Arafa.

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kapelo. Nilikuwa naivua pale pale, nisimame, niseme ni mimi.

"Mwema sana," akasema. "Hilo sitalikana mbele ya mtu. Lakini mwambieni baba ni Mmarekani."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Nimechoka kulea watoto wa watu, ami. Kwaherini, madamu anaingia."

Simu ikakatika.

Sijui nilikaa muda gani na mkono juu ya kapelo. Najua tu Kassim hakuwa akicheka tena. Alitazama sakafu ya basi kama mtu aliyeunguza chakula cha wageni.

Ami akapiga Pemba papo hapo. "Kaka, warudishe watu wa saruji. Mtoto kapata mtu. Ndiyo. Ndiyo, nimemwona kwa macho yangu, niko naye hapa."

Nikawa nimeshinda. Magharibi haijaingia, mwenye duka karudishwa, Arafa ni wangu, na aliyempata siyo mimi. Iliniuma kifuani, mahali hasa, ningeweza kupagusa kwa kidole.

Velma akatangaza kwa wageni kwa sauti isiyo na nguvu kwamba kuna mchumba ndani ya basi. Wavietnam kumi na mmoja wakapiga makofi. Bibi akanipiga piga mgongoni. Ami akatoka kwenye usukani, akanikumbatia, akanishika bega akaniambia kwa Kiswahili, kwa kuwa Kizungu kilikuwa kimemwishia zamani, "Karibu kwetu, mwanangu."

Nikasema, "Thank you, sir."

Simu yangu ikatetemeka mkononi. Alikuwa ni Arafa, na jina lake liko pale juu kwa herufi kubwa, pamoja na picha yake ya Idi. Ujumbe ulikuwa mfupi.

"Vuai, nisamehe. Usinipigie tena. Nimeposwa."

Niliusoma mara mbili. Ningeusoma mara moja nikaificha simu, leo ningekuwa na mambo mengine ya kuwasimulia. Lakini nilirudia kuusoma, na mkono wa ami ulikuwa bado uko begani mwangu, na kichwa chake karibu na changu.

"Picha hii kama naijua," akasema ami.

Akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa miwani yake ya kusomea.